Asiyelala Asipigane

Muhula uliopita, wiki ya UE, nilikesha na desa mpaka alfajiri. Asubuhi nikafanya mtihani, jioni nikaenda karate. Nilijiona niko fiti. Kwenye kumite nikapangwa na dogo wa mwaka wa kwanza, mkanda mweupe. Akarusha ngumi. Niliiona ikitoka, nikaiona ikija, nikaisikia ikifika. Mkono wangu ulinyanyuka baadaye, kama mtu anayefunga mlango mwizi akiwa keshaondoka. Jino likalegea.

"Pole sana, kaka," akasema. "Nilidhani utazuia."

Hata mimi nilidhani.

Wengi wetu tunatafuta wepesi kama dawa ya dukani. Mmoja anacheza gemu ya kugusa vidoti kwenye simu, mwingine kila Jumamosi anakimbia kupanda Morning Site. Nawaelewa. Huu ni mji wa Francis Cheka, aliyetwaa mkanda wa dunia wa WBF mwaka 2013, na kila anayekunja ngumi hapa ana ndoto yake. Ila naona wepesi tunautafuta mahali ambapo haupo.

Ukigusa sufuria ya moto, mkono unaruka wenyewe, kwa sababu amri inatoka kwenye uti wa mgongo. Kuzuia ngumi si hivyo. Lazima jicho lione na ubongo uamue, ndipo msuli usogee. Kubonyeza kitufe tu taa inapowaka humchukua kijana mzima kama robo ya sekunde. Ngumi ya karibu haikupi muda huo. Na ukianza kuchagua kati ya kuzuia, kukwepa na kurudi nyuma, unachelewa zaidi.

Sasa wakongwe wanazuiaje? Hawasubiri ngumi. Wanasoma bega, nyonga, na uzito unavyohamia mguu wa mbele. Waangalie akina mama wa Kiluguru wanaoshusha ndizi mjini: mzigo kichwani, utelezi chini, na hawatazami vidole vya miguu. Macho yako hatua kadhaa mbele. Wanaijua njia. Gemu ya simu inakufundisha vidoti tu. Bega la mtu utalijua kwa kufanya mazoezi na mtu: shambulio moja, polepole, mara nyingi, kisha mawili, kisha bila kutangaziwa. Kupanda Morning Site kunajenga pumzi, na pumzi tunaihitaji, lakini tusikuite mazoezi ya wepesi.

Kusoma mwili wa mwenzako kunataka ubongo uliopumzika. Mwaka 1997 watafiti wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walipima watu kwa jaribio la jicho na mkono. Waliokaa macho saa 17 walifanya kama watu wenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Walipofikisha saa 24, ilikuwa kama asilimia 0.10. Mlevi hatumruhusu kupigana. Aliyekesha tunampigia makofi, tunamwita kamanda!

Najua mtasema UE haisubiri mtu, na kwamba mazoezi ndiyo yanayotupunguzia stresi. Kweli kabisa. Basi njoo, fanya kata, nyoosha viungo, piga begi mpaka uchoke. Pambano la watu wawili ndilo nasema hapana, kwa sababu hapo anayeumia anaweza kuwa wewe au mwenzako.

Napendekeza mambo mawili. Klabu iulize kila mtu kabla ya kumite: jana umelala? Aliyekesha akae pembeni, bila kuchekwa. Pili, wizara ya michezo ya serikali yetu ya wanafunzi isipange mashindano ya mapigano wiki za UE, na itenge hela ya vilinda meno.

Jino langu halikung'oka. Ila mahindi ya kuchoma siku hizi natafunia upande mmoja.