Mnagombana na Patna Wako Kuhusu Tangazo? Poa, Hapo Ndio Kuna Pesa

Startapu nyingi huanza hivi: wasee wawili, wazo moja, ganji kidogo na gurupu ya WhatsApp. Siku ya kuandika tangazo ndio wanagundua kila mtu alikuwa anajenga kampuni yake kichwani. Wengi hapo huvunja gurupu. Manze, msivunje bado.

Cheki Lamu. Septemba 2018, jahazi la Flipflopi liliingia majini likiwa limeundwa kwa plastiki iliyotupwa, karibu tani 10, na slipa kama 30,000 zikavalishwa nje. Kati ya waliolianzisha ni Ben Morison, mtu wa utalii, na Ali Skanda, fundi wa majahazi hapo hapo Lamu. Keti watu wa kazi tofauti hivyo uwaulize, "Tunauza nini?" Wa utalii ataona safari. Wa mazingira ataona taka. Fundi atauliza kama chombo kitaelea.

Sasa angalia jina. Uzito wa jahazi ni plastiki nyingine, slipa ni nguo tu. Lakini jina likabeba slipa. Tani 10 ni namba, slipa kila mtu anayo, na ile ya kushoto ilishampotea. Halafu mwanzo wa 2019 jahazi likasafiri hadi Zanzibar, kama kilomita 500. Lingezama, hiyo stori ingezama nalo. Kwa hivyo majibu yote matatu yalikuwa na kazi: slipa inakusimamisha, taka ndio sababu, na kuelea ndio ushahidi.

Sema wewe na beshte yako mna boti Shela. Yeye anataka tangazo liseme "utamaduni wa Waswahili", wewe unataka "jua likizama, bei poa". Kila mtu aandike sentensi moja, na chini yake aandike inaongea na nani. Kisha mbadilishane: wewe umsomee kastoma sentensi yake, yeye asome yako.

Kama kastoma ni mmoja, chagueni ya kufungua, ile nyingine ifuate. Kama ni wawili, mtalii wa hoteli na mbogi ya Nairobi ya wikendi, basi hamkuwa mnabishania maneno. Mlikuwa mnabishania mnahudumia nani, na hiyo hakuna posta itawaamulia.

Ila kama vita ni ya hisa, wacheni tangazo kwanza. Andikeni mkataba.