Tabibu wa Visiwa Vitupu

Miongoni mwa vitabu vya kale vilivyotungwa juu ya ziwa letu kimo kimoja ambacho wakusanyaji wa vitabu adimu hukitafuta kwa ajili ya umri wake, na ambacho sisi tukaao Usenge na pwani hii yote mpaka Kisumu ingetupasa kukitafuta kwa ajili ya habari zake. Ni A Naturalist on Lake Victoria, kilichochapishwa London mwaka 1920. Mtungaji wake, Geoffrey Douglas Hale Carpenter, alikuwa tabibu kwa kazi na mpenzi wa wadudu kwa moyo. Aliingia katika utumishi wa utabibu wa Uganda mwaka 1910, akatumwa visiwani kuchunguza mbung'o aenezaye malale.

Malale yalikuwa msiba usio na kifani. Inakadiriwa kuwa katika miaka michache ya mwanzo wa karne ile zaidi ya watu 200,000 waliangamia upande wa Uganda peke yake, na pwani ya Nyanza nayo ilipata fungu lake la mauti. Mwaka 1903 David Bruce na wenzake huko Entebbe walithibitisha kuwa mchukuzi wa maradhi ni mbung'o, na baada ya hapo serikali ikatoa amri kwamba watu waondolewe ufukweni, kisha visiwani, hata Carpenter alipofika alikuta visiwa vya Sese havina wenyewe.

Kazi aliyoifanya huko yastahili taadhima. Mbung'o hatagi mayai kama nzi wengine, bali huzaa buu mmoja mmoja, naye buu huyo hujizika mara katika mchanga au changarawe kavu iliyo chini ya kivuli. Basi tabibu huyu, kwa subira ambayo wengi wetu tungeiona kuwa ni wazimu, alipita ufuko baada ya ufuko akifukua na kuhesabu, mpaka akajua ni mahali gani nzi apendapo kuzalia, akashauri wajengewe vibanda vya kivuli juu ya mchanga ili wavutwe kuzalia hapo na kizazi chao kiteketezwe. Alichunguza pia damu wanayoifyonza, akaona kuwa mamba na kenge huwalisha, na kwamba nzohe, yule paa wa matopeni, aweza kuyahifadhi maradhi hata binadamu akiisha kuondoka. Insafu yanilazimisha kusema kuwa ushahidi wa namna hiyo hauna bei.

Lakini kitabu kilichoandikwa katika visiwa vilivyohamwa kwa amri hakiwezi kutueleza yale waliyoyajua waliohamishwa: fuko zipi ziliogopwa kwa nzi, pepo zipi zilifungia mitumbwi, samaki gani alipatikana msimu upi. Msomaji wa Ulaya aliyaona mapori ya Sese kuwa maumbile matupu, ilhali yalikuwa ni mashamba na miji iliyoachwa muda si mrefu. Kosa hili silihesabu kuwa la Carpenter peke yake. Ni upungufu wa jamii nzima ya vitabu hivyo, nao hautibiwi kwa kuvidharau bali kwa kuviandikia sherehe, yaani maelezo ya pembeni, kutoka kwa wenyeji.

Anayedhani kuwa haya ni anasa ya wasomi na atazame mizani ya samaki. Michael Graham, aliyelichunguza ziwa hili mwaka 1927 na 1928, ndiye aliyempa samaki aitwaye ngege jina lake la kisayansi, na katika ripoti yake ya mwaka 1929 alionya kuwa kumleta humu samaki mkubwa mla wenzake kutoka maji mengine ni jambo la hatari kuu. Hata hivyo mbuta, samaki wa namna hiyo hiyo, alitiwa ziwani katika miaka ya 1950, akaenea mno katika miaka ya 1980, na ingawa amesomesha watoto wengi wa pwani hii, jambo ambalo hakuna mvuvi wa Usenge atakayelikana, ngege ametoweka karibu kabisa katika ziwa kuu, na leo hutafutwa katika ziwa dogo la Kanyaboli, pembeni mwa kinamasi cha Yala, si mbali nasi.

Carpenter alifariki mwaka 1953, na sheria ya hakimiliki ya Kenya hukilinda kitabu miaka 50 tu baada ya kufa mtungaji. Kwa hiyo hapana anayetuzuia kukifasiri. Nakiomba Chuo Kikuu cha Jaramogi Oginga Odinga kilichoko Bondo kiianze kazi hiyo, kwa Kiswahili na kwa Dholuo, na kabla ya kupeleka mswada kwa mpiga chapa kiuteremshe ufukweni, wazee wavuvi wa Usenge, Mageta na Usigu wausikilize ukisomwa, na maneno yao yachapwe ukurasa kwa ukurasa kando ya maneno ya tabibu.