Nafuu ya Kodi ya Sola Iwe Haki, Isiwe Fadhila

Bwawa la Masinga lilikamilika mwaka 1981. Maji ya Mto Tana yalizuiwa ili mitambo ya Seven Forks isikose nguvu hata wakati wa kiangazi. Lakini kwa miaka mingi umeme huo ulikwenda mijini, naye mkazi wa Kithyoko, jirani wa bwawa, akaendelea kuwasha koroboi. Leo mkazi huyo anajitafutia mwanga kwa paneli ya sola juu ya bati. Je, serikali inamsaidia, au inamtoza kwa kuwa amejisaidia?

Tuangalie rekodi. Sheria ya VAT iliyoanza kutumika Septemba 2, 2013 iliondoa msamaha wa vifaa vya sola, vikatozwa asilimia 16. Mwaka 2014 Bunge likaurudisha msamaha huo. Sheria ya Fedha ya 2020 ikauondoa tena; ile ya 2021 ikaurudisha. Katika muda usiozidi miaka minane, mwananchi alipewa na kunyang'anywa mara mbili. Kwa kiwango cha asilimia 16, vifaa vya shilingi 50,000 huongezeka shilingi 8,000. Kwa mkulima wa ndengu, hizo ni fedha za karo.

Hata hivyo, jambo linalotusumbua zaidi limo katika maneno machache ya sheria ya 2021. Msamaha uliporudishwa, uliwekewa sharti: upatikane kwa pendekezo la Waziri wa Kawi kwa Kamishna wa kodi. Hapo ndipo haki inapogeuka kuwa fadhila. Mwagizaji mkubwa mwenye ofisi Nairobi anajua mlango wa kubisha. Fundi wa Kithyoko anayenunua betri mbili na inveta moja atabisha mlango upi? Hatukupigania kufutwa kwa Kifungu cha 2A, Desemba 1991, ili tuendelee kuishi kwa hisani ya wakubwa. Tulitaka sheria inayomtambua kila raia bila kumuuliza anajuana na nani.

Katiba ya 2010 imesema wazi. Kifungu cha 201 kinataka mzigo wa kodi ugawanywe kwa haki, na wananchi washirikishwe katika mambo ya fedha. Kifungu cha 210 kinaagiza kwamba kodi ikisamehewa chini ya sheria, kuwe na kumbukumbu ya umma ya kila msamaha pamoja na sababu yake, na taarifa ipelekwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu.

Wapo watakaosema kwamba misamaha huipunguzia hazina mapato, na kwamba wafanyabiashara huweza kuimeza faida bila kushusha bei. Hoja hizo zina uzito. Lakini dawa yake ni uwazi. Kumbukumbu hizo zikitangazwa, kila mtu atajua nani alisamehewa, kiasi gani, na kama bei ilishuka sokoni. Wengine wanapendekeza nafuu katika kodi ya mapato kwa mwenye nyumba anayeweka sola. Ni vyema, ila itamfaa mwenye mshahara unaokatwa kodi. Mjane anayeuza maembe kando ya barabara ya Garissa haitamgusa. Nafuu ya kumfikia huyo ni ile iliyomo katika bei ya kifaa chenyewe.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, msamaha wa vifaa vya sola utegemee sheria peke yake, si pendekezo la waziri. Pili, udumu kwa muda maalumu utakaotajwa, ili mtu aweze kupanga na kuweka akiba. Tatu, kumbukumbu za misamaha zitangazwe kwa lugha ambayo mwananchi anaielewa.

Kila mwaka, kati ya Aprili na Juni, Mswada wa Fedha huwa mbele ya Bunge, na Kamati ya Fedha hupokea maoni ya umma. Juni 2024 vijana walionyesha, kwa gharama ya damu, kwamba mswada unaweza kurudishwa. Tusingoje damu nyingine. Makanisa yaliyosimama nasi enzi za chama kimoja yafungue kumbi zao baada ya ibada, mswada usomwe, maoni yaandikwe na kutiwa sahihi. Barua moja kutoka kila parokia na kila kikundi cha akina mama itasikika kuliko manung'uniko ya mwaka mzima.

Jua halijawahi kuomba kibali kwa waziri ili kuwaka Kithyoko. Na sisi tusikubali kuomba kibali ili kulitumia.