Mtumwa Hakusubiri Meli

Nina kaunta buku lenye sura tano za riwaya. Mimi ni kijana wa kidato cha nne, matokeo hayakunibeba, basi mchana niko kwenye mikorosho hapa Mtawanya na usiku naandika. Nilimsomea bibi yangu sura ya kwanza, inayoanza na msafara wa watumwa ukivuka mto Rufiji. Akanikatiza: "Mume wangu, hayo yaache. Utawatukanisha watu."

Namwelewa. Hapa kijijini kuna ambao babu zao walifungwa minyororo, na kuna ambao babu zao waliishika hiyo minyororo. Watu wakigombana, tusi la "mtumwa we!" bado linatoka. Kwa hiyo ugomvi wangu si na bibi, ni na sisi tunaojiita waandishi chipukizi.

Chukua Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, kilichotoka 1934. Mbotela alitoka katika jamii ya waliokombolewa kule Freretown, Mombasa, kwa hiyo simlaumu kwa kushukuru. Lakini sisi je? Kila nikisoma hadithi ya kijana mwenzangu kuhusu utumwa, ni yale yale: mtu anakamatwa, analia, analia tena, halafu Mzungu anatokea na meli. Jamani, hivi babu zetu hawakuwa na miguu?

Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa na kusafirisha watumwa baharini kukapigwa marufuku. Biashara ikaisha? Wapi! Misafara ikahamia nchi kavu, kutoka Kilwa kwenda kaskazini, ikipita huku huku kwetu Rufiji hadi Pangani. Barghash alipiga marufuku njia hiyo mwaka 1876. Leo mabasi ya kusini yanavuka Daraja la Mkapa, na abiria wamesinzia.

Sasa sikiliza. Mwaka ule ule wa 1873, watumwa wa mashamba ya miwa Pangani waliasi. Wakatoroka, wakajenga kijiji chao wenyewe, Makorora. Hawakuona meli, hawakusomewa mkataba. Vijana mjini wanavaa fulana za Bob Marley na wanakusimulia habari za watoro wa milimani kule Jamaika, ukiwauliza Makorora wanakutumbulia macho.

Kenya nako watoro walikimbilia Fuladoyo, nyuma ya Takaungu, na kwenye misheni ya Rabai. Walipofika mwaka 1888 kampuni ya Waingereza ikawapa hati za uhuru, watu zaidi ya 1,400. Tunasoma kwamba "waliachiliwa huru". Lakini walishajiachilia wenyewe kwa miguu yao! Tena fidia walilipwa nani? Waliokuwa mabwana zao. Unguja mwaka 1897 ilikuwa vivyo hivyo, mtumwa akaombe uhuru wake mahakamani, bwana apewe fidia. Na huku Tanganyika, Mjerumani aliondoka bila kuufuta utumwa. Sheria ya kuufuta ilikuja 1922, miaka 49 baada ya mkataba wa Barghash. Mkombozi gani huyo anayechelewa hivyo?

Hata neno lenyewe tumelishusha hadhi. Mtoro siku hizi ni mwanafunzi aliyekwenda kuogelea badala ya kuingia darasani. Zamani mtoro alikuwa mtu aliyeweka roho yake rehani.

Najua mtaniambia ushahidi haba, watumwa hawakuacha vitabu. Sawa. Ndiyo maana ipo kazi ya riwaya, bwana! Mwanahistoria akikwama penye giza, sisi tunaingia na koroboi. Lakini tunaogopa. Tunaandika mapenzi ya Masaki, mahali ambapo wengine tumepaona kwenye picha tu.

Juzi bibi akaniita jikoni, anapepeta mchele, hanitazami.

"Yule msichana wa kwenye daftari lako, alitoroka saa ngapi?"

"Usiku, bibi."

"Basi hujui mto. Usiku viboko wanapanda kula, angekanyagwa. Angengoja alfajiri, wakisharudi majini, apite kule kwenye matete." Akapepeta tena. "Na asingevaa shanga. Zinalia."

Nimefuta kurasa nne. Naanza upya.