Gonga Mara Mbili, Yaishe

Natumaini mwenzio hajakununia. Kama kakununia, basi ya mwezi huu ni yako kabisa. Soma mpaka mwisho, halafu liache gazeti mezani kiaina, limefunguliwa ukurasa huu huu.

Mimi ni shabiki wa mapigano. Sisemi ndondi peke yake, nasemea yale ya kwenye kizimba, UFC, ambako ngumi, teke, goti na mieleka vyote ni halali. Ubavu wangu, mama Zuhura, ni shabiki wa mpira wa magongo. Ndiyo, hoki. Hapa Tunduru ukisema unapenda magongo watu wanakutazama mara mbili, maana gongo wanalolijua wao ni lile la kwenye chupa. Lakini mwenzangu alisoma sekondari Kenya, baba yake alikuwa anafanya kazi Nairobi, na huko wapo wasichana wanaocheza magongo shuleni kama sisi tulivyokuwa tunacheza chandimu.

Tangu enzi za uchumba ubishi wetu ni ule ule: mchezo wa nani ndio mchezo? Yeye anasema wangu ni watu wawili kutoana damu huku wengine wanakula karanga. Mimi nasema wake ni watu 22 wameinama kama wanapalilia mikorosho. Hapo anapandisha. Ananikumbusha kwamba mwaka 1971, kwenye Kombe la Dunia la kwanza la magongo kule Barcelona, Kenya ilishika nafasi ya 4. Ananitajia Avtar Singh Sohal, Mkenya aliyecheza Olimpiki 4, kuanzia 1960 mpaka 1972. Na mimi, kwa ubaya wa roho, nilikuwa nampiga na karata moja tu: Moscow 1980. India 18, Tanzania 0. Kumi na nane, msomaji, na siyo kikapu! Basi ananyamaza, mimi najiona bingwa.

Sasa twende kwenye ishu yenyewe.

Mapambano makubwa ya UFC hufanyika Marekani Jumamosi usiku, kwa hiyo sisi huku tunayapata Jumapili alfajiri. Tarehe 28 Machi 2021 ilikuwa siku yangu. Francis Ngannou, Mkameruni aliyewahi kuchimba mchanga kwa koleo utotoni, alikuwa anarudiana na Stipe Miocic kugombea ubingwa wa uzito wa juu. Nililipia king'amuzi wiki nzima kabla. Saa 11 kasoro nimeshakaa kwenye kochi, sauti nimeipunguza, chai ya rangi mkononi.

Zuhura wetu alikuwa na miezi 9. Usiku ule alichemka, na mama yake hakulala. Kama saa 12 hivi akatoka chumbani na mtoto begani, akaniambia, "Baba Zuhura, homa imepanda, twende hospitali." Nikasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nasikia aibu. Nikasema, "Dakika tano tu, mama Zuhura."

Hakubishana. Alichukua khanga, akachukua kadi ya kliniki, akatoka. Nikasikia bodaboda inanguruma nje, macho yangu yako kwenye luninga. Saa 1 na kitu pambano kuu likaanza. Raundi ya 2, sekunde ya 52, Ngannou akamlaza Miocic chali. Nikaruka juu, nikapiga ukelele. Halafu nikageuka kutafuta mtu wa kumwambia. Hakuna mtu.

Nilipofika hospitali Zuhura alikuwa kwenye dripu. Malaria. Namshukuru Mungu alipona, na baada ya siku mbili tulirudi naye nyumbani. Lakini pale kitandani, badala ya kusema neno moja ambalo lingemaliza mambo, mzee mzima nikasema, "Si ungenisubiri?"

Kaka, dada, unajua kununiwa wewe? Siyo kelele, siyo kutupiana vyombo. Chai ipo mezani. Shati limepigwa pasi. "Karibu chakula." "Asante." "Umeamkaje." "Salama." Ndoa ikawa ya salamu tu, kama watu waliokutana stendi ya basi. Aprili ikapita, Mei, Juni, Julai. Mimi nikajipa moyo kwamba yatapoa yenyewe. Hayapoi yenyewe, msomaji. Yanaganda.

Ikaja Agosti, Olimpiki ya Tokyo. Alhamisi ya tarehe 5 nikasikia simu yake inalia saa 10 alfajiri. Akajivuta mpaka sebuleni. India na Ujerumani, kugombea shaba ya magongo wanaume, mpira unaanza saa 10 na nusu kwa saa za kwetu. Ukumbuke kwamba India walichukua dhahabu 8 za Olimpiki katika mchezo huu, lakini ya mwisho ilikuwa ile ya Moscow 1980, walipotufunga na sisi. Tangu hapo, miaka 41, hata shaba hawakuigusa.

Dakika chache tu Zuhura akaamka, analia. Nikamuona mama yake anainuka kumfuata, shingo bado imegeukia kwenye luninga. Siyo siri, nilijiona. Nilijiona mimi wa Machi, na nikamuona yeye anafanya kile ambacho mimi sikukifanya. Nikamwambia, "Kaa." Nikamchukua mtoto, nikambeba mgongoni kwa khanga, nikawa natembea naye nyuma ya kochi kama yaya.

Basi ndiyo mara yangu ya kwanza kuangalia magongo mechi nzima, na naomba radhi kwa wapalilia mikorosho wote. Ule mpira ni mgumu kama jiwe, una uzito wa gramu 160 hivi, na kwenye kona ya adhabu mabeki wanavaa vinyago usoni kwa sababu unawajia kama risasi. Wajerumani waliongoza 3 kwa 1. Wahindi wakarudisha yote, wakapitiliza mpaka 5 kwa 3, wakafungwa moja. Zikiwa zimebaki sekunde chache Wajerumani wakapata kona ya adhabu, golikipa Sreejesh akauzuia. Tano kwa nne. Mama Zuhura analia. Mimi nimesimama na mtoto mgongoni, mapigo ya moyo kinoma.

Nikatafuta pa kuanzia. Nikamuuliza, "Hivi kwenye magongo mtu akicheza rafu, refa anafanyaje?"

Akasema kuna kadi 3. Ya kijani unatoka nje dakika 2. Ya njano dakika 5 au zaidi. Nyekundu hurudi tena.

"Dakika 2 tu?" nikauliza.

"Dakika 2. Zikiisha unarudi, mnaendelea kucheza." Halafu akanitazama usoni, kitu ambacho hakukifanya tangu Machi. "Wewe nilikupa ya kijani, baba Zuhura. Miezi minne nangoja uombe kurudi uwanjani. Hukuomba."

Sikuwa na maneno. Nilichofanya, niliinama nikapiga mkono wa kochi kwa kiganja, mara mbili. Pa, pa. Amekaa na mimi Jumapili nyingi, anajua maana yake. Akacheka kidogo, halafu akalia tena, na safari hii haikuwa ya India. Ndipo nikalisema neno lenyewe: nisamehe.

Kwa asiyejua, niseme kidogo. Kwenye kizimba, ukikabwa kabali au mkono umepindwa mpaka unakaribia kuvunjika, unampiga-piga mwenzio au sakafu kwa kiganja. Maana yake: basi, umenishinda. Refa anaingia hapo hapo, anaachiwa mtu. Usiku wa kwanza wa UFC, Novemba 1993 kule Denver, sheria zilikuwa chache na makundi ya uzito hayakuwepo. Aliyeshinda alikuwa Mbrazili mwembamba wa kilo 80 hivi, Royce Gracie, akiwakaba watu waliomzidi mwili mpaka wanagonga. Leo kuna raundi za dakika 5, uzito unapimwa, daktari yupo. Lakini kugonga ndiyo roho ya mchezo. Asiyejua kugonga anavunjika.

Hayo ndiyo maoni yangu ya shabiki, na nayasimamia. Kitu kizuri kuliko vyote kwenye UFC siyo ngumi ya Ngannou, ni kugonga. Na kitu kizuri kwenye magongo siyo goli, ni ile kadi ya kijani: kosa lina adhabu, adhabu ina mwisho, na ikiisha unarudi na heshima yako. Ndoa nyingi za rika letu hazifi kwa sababu watu wanagombana. Zinakufa kwa sababu mwanaume hagongi na mwanamke hajui adhabu iishe lini, au kinyume chake.

Hapa kuna jambo siwezi kulipita. Msimu mmoja wa korosho, pesa zimetoka, jirani yetu mmoja alimpiga mkewe. Vijana wakacheka, "Mambo ya UFC hayo!" Nilimfuata nikamwambia mbele yao: kizimbani wameingia wawili kwa hiari, uzito sawa, refa yuko hatua mbili, daktari yuko nje, na ukigonga mwenzio lazima aachie. Nyumbani kwako kipi kati ya hivyo kipo? Mkewe kilo hamsini na kitu, amelia basi mara ngapi, nani aliachia? Huo siyo mchezo, na asiutafutie jina la mchezo. Mama Zuhura alimsindikiza yule dada mpaka dawati la jinsia polisi. Jamaa hanisalimii mpaka leo, na mimi silali njaa kwa hilo. Hiyo, msomaji, ni kadi nyekundu, usiichanganye na ya kijani.

Kuhusu kushindwa, nitakupa mfano wa hapa hapa Ruvuma. Julai 2022 tulifunga safari, kilomita zaidi ya 250 mpaka Songea, kumuona Karim Mandonga, Mtu Kazi mwenyewe. Kwa tambo zake ungedhani atamuua mtu. Akachapwa na Shaban Kaoneka, mchana kweupe wa maneno yake yote! Lakini jamaa hakujificha. Watu wakazidi kumpenda, na Januari 2023 akaenda Nairobi akamshinda Daniel Wanyonyi. Njiani tunarudi mama Zuhura akaniambia, "Umeona? Mtu anapigwa, anakubali, kesho anaamka." Nikaelewa jiwe lile limerushwa kwa nani.

Na ile karata yangu ya Moscow nimeichana. Siku hizi nikiiwaza 18 kwa 0 naona kitu kingine: vijana wetu walikutana na waliokuja kuwa mabingwa, wakala goli 18, na hawakufunga virago. Walicheza mechi zao zote, wakashika nafasi ya 6 kati ya timu 6, wakarudi nyumbani. Mimi nilifungwa goli moja tu, mbele ya mke wangu, nikakimbia uwanja miezi minne.

Nyumbani kwetu sasa sheria ni tatu. Ukikosea, gonga mara mbili: mezani, ukutani, popote, na ukishagonga sema kosa lako kwa kinywa. Aliyekosewa ana haki ya kukutoa nje, lakini aseme ni dakika ngapi. Na Jumapili alfajiri mtoto akilia, anayeangalia mchezo ndiye anayembeba, maana huyo tayari yuko macho.

Juzi fundi seremala alituchongea magongo mawili ya mti wa mpera. Tulienda uwanjani jioni, nikijua namwonea. Dakika ya tatu mpira ukanikuta kwenye ugoko. Nilikaa chini nikapiga nyasi kwa kiganja, pa, pa, na watoto wote wa mtaa wakashangilia. Ugoko bado umevimba.

Haya mpenzi msomaji, ukimaliza kusoma muangalie huyo uliyenaye hapo. Kama kuna kitu kimeganda tangu Machi, mkono si unao? Tukutane mwezi ujao.