Magurudumu ya Treni Yatunzwe Tangu Yakiwa Mapya

Tangu Juni 14, 2024, treni za umeme zilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na baadaye mwaka huo huo kufika Dodoma, wananchi wamekuwa wakizungumzia mwendo wake wa kilometa 160 kwa saa. Wana haki ya kujivunia. Hata hivyo, reli hupimwa miaka mingi baada ya sherehe za ufunguzi, tena hupimiwa karakana. Huko ndiko gurudumu la chuma linakodai gharama yake, iwe ni katika reli hii mpya, reli ya kati ya zamani au TAZARA.

Gurudumu hugusa reli mahali padogo kama sarafu, na hapo hubeba tani nyingi. Kwenye kona, ukingo unaolizuia lisitoke relini husugua ubavu wa reli na kulika. Ukingo ukisha kuwa mwembamba, gurudumu hupelekwa kwenye mashine ya kukereza ili lirudishiwe umbo lake. Lakini chuma kilicholika hakirudi. Ili ukingo upate tena unene wa milimita moja, fundi hulazimika kukata milimita kadhaa za kipenyo cha gurudumu. Isitoshe, magurudumu mawili ya ekseli moja sharti yalingane, kwa hiyo lililo zima nalo hukatwa kwa ila ya mwenzake. Kipenyo kikifikia kikomo cha usalama, yote mawili huondolewa. Ndiyo maana gurudumu lisilotunzwa huweza kuliwa na mashine kuliko linavyoliwa na safari.

Dawa yake inajulikana. Kwanza, ni grisi kidogo kwenye ukingo au ubavu wa reli penye kona, wala si juu ya reli, ambako breki zingeshindwa kushika. Pili, ni kupima mara kwa mara na kuweka kumbukumbu, ili gurudumu likerezwe mapema na kwa uchache. Tatu, ni kutunza breki, kwani gurudumu lililokamatwa huburutwa, likapata bapa linalogonga reli kama nyundo katika kila mzunguko.

Kikwazo kikubwa kimo katika makadirio ya fedha. Afisa anayepunguza fungu la grisi na vipimo huonekana amebana matumizi mwaka huo. Hasara huja miaka kadhaa baadaye, katika fungu la mwenziwe, nayo hulipwa kwa fedha za kigeni. Hesabu ya haki ni kuuliza gurudumu limegharimu kiasi gani kwa kila kilometa, tangu kununuliwa hadi kutupwa.

Wala kubana matumizi kusiguse ukaguzi. Huko Eschede, Ujerumani, Juni 3, 1998, pete ya chuma ya gurudumu moja ilikatika, treni ikaacha njia, na watu 101 wakafariki dunia.

Hapana budi basi watumishi wa umma wanaoandaa makadirio waitambue kazi ya fundi mwenye kipimo na kopo la grisi, na walimu wawafundishe vijana kwamba kutunza ni sehemu ya kujenga. Reli imejengwa kwa jasho la wananchi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu utajengwa kwa jasho la wananchi hao hao.