Kapera Haagwi kwa Kreti

Katika nchi yetu binti anayeolewa hupewa mafunzo, na kijana anayeoa hupewa bia. Nasema hivyo bila kuyapaka maneno sukari, kwa kuwa nimekwisha kuhudhuria harusi nyingi za walimu niliowafundisha chuoni na za watoto wao, na jambo hili nimeliona likizidi mwaka hata mwaka. Halafu ndoa ikiyumba tunauliza bibi harusi alifundwa na nani. Hakuna anayeuliza bwana harusi alifundwa na nani.

Tazama, ndugu msomaji, jinsi mambo yanavyokwenda. Majuma machache kabla ya harusi akina mama hukutana katika kicheni pati. Nazijua kasoro zake: sare za kushona, michango ya kulazimishana, na washereheshaji ambao baadhi ya maneno yao hayafai kusikika mbele ya mama mkwe. Lakini ndani ya kelele zile bado limo jambo la maana. Yupo somo, au kungwi, anayekaa karibu na binti na kumweleza maisha ya ndoa. Wapo akina mama wanaosimama mmoja mmoja na kusema nyumba huendeshwa vipi. Wala hawaji mikono mitupu: huyu ana sufuria, yule ana jiko, mwingine vikombe. Binti hurudi nyumbani ana maneno kichwani na vyombo mkononi. Kicheni pati ni mjukuu wa unyago. Amevaa nguo za kigeni, lakini sura ni ya bibi yake.

Bachela pati, kwa upande wake, haina bibi wala babu hapa kwetu. Tuliiokota katika kanda za video. Mwaka 1984 Wamarekani walitoa filamu nzima yenye jina hilo, Bachelor Party, aliyoicheza Tom Hanks, na filamu za namna hiyo zilitembea mikononi mwa vijana wetu hata kabla Tanzania Bara haijapata televisheni mwaka 1994. Nami niliitazama, maana mwalimu hapaswi kulaumu kitabu ambacho hajakisoma. Niliona ajabu moja: hata katika filamu ile, pamoja na vurugu zote, bwana harusi alijitahidi asimsaliti mchumba wake. Vijana wetu waliiga vurugu, wakaacha uaminifu.

Watu husema, "Mzee, ni usiku mmoja tu." Usiku mmoja unatosha. Niliwahi kuhudhuria harusi ambayo mpambe hakuwapo. Alikuwa wodini, mguu umefungwa plasta, kwa sababu gari lililowarudisha kutoka kumuaga kapera liliendeshwa na mtu aliyelewa kuliko abiria wake. Bwana harusi alisimama mbele ya watu na mpambe wa kuazima, akitabasamu kwa ajili ya picha. Tena tangu mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipogundulika nchini, mkoani Kagera, sisi walimu tumezika wenzetu wengi mno kiasi kwamba hatuwezi kuona mzaha katika sherehe ambamo marafiki humkodishia bwana harusi msichana wa usiku mmoja. Atakayelipa deni la usiku ule huenda akawa mke ambaye hakuwapo, na mtoto ambaye hajazaliwa.

Wanaume hatukuwa hivi siku zote. Makabila mengi ya pwani na ya mikoa iliyo karibu nayo yalikuwa na jando. Wavulana waliwekwa kumbini, na baada ya kazi ya ngariba walifundishwa kwa nyimbo na mafumbo: heshima kwa wakubwa, uvumilivu, na wajibu wa mume. Sitaki mnielewe vibaya. Jando lilikuwa na mabaya yake, na mimi nikiwa mwalimu niligombana nalo. Liliwatoa watoto darasani, kisu kimoja kilipita kwa wavulana wengi, na mengine yaliyofundishwa mle juu ya wanawake yalistahili kuzikwa. Lakini mtu mwenye busara akiona paa linavuja huliziba paa, habomoi nyumba. Sisi tuliibomoa nyumba nzima. Tohara tukaipeleka hospitali, na hilo ni jema, ila yale mafunzo hatukuyapeleka popote. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kijana wetu tumemwachia ulimwengu, na ulimwengu umemfungulia darasa baa.

Hata katika maandishi upungufu huu unaonekana. Wengi wanaujua utenzi ambao Mwana Kupona wa Pate alimtungia binti yake mwaka 1858, kumpa mawaidha ya kukaa na mume. Shaaban Robert alifanya jambo la haki zaidi: alimtungia binti yake Utenzi wa Hati, na mwanawe wa kiume akamtungia Utenzi wa Adili. Yeye alijua kwamba mtoto wa kiume naye anahitaji kuusiwa. Sisi tumerithi vitabu vyake, tukaviweka kwenye mitihani, na tukamwacha kijana aende kuoa bila usia.

Basi yafanyweje? Kijana mmoja wa mtaani kwetu alikuja kwangu na kadi ya mchango. Alikuwa mpambe wa rafiki yake. Baada ya "Shikamoo, Mwalimu," alinionyesha bajeti: bia, nyama choma, muziki, ukumbi wa baa, na mwisho kabisa, "wachezaji wawili". Nikamwuliza kama ni wachezaji wa mpira. Akainamisha macho.

"Mwalimu," akasema, "nataka iwe sherehe ambayo hataisahau."

"Miaka mitano ijayo," nikamjibu, "mtoto anachemka homa saa nane za usiku, mshahara umekwisha, na mke amenuna. Katika haya uliyoandika, ni lipi rafiki yako atalikumbuka likamsaidia?"

Alinyamaza kwa muda. Kisha akageuza karatasi upande wa pili, akaomba kalamu. Tuliyoandika siku ile nayaandika hapa, yamfae mpambe mwingine.

Kwanza, shughuli isifanyike mkesha wa harusi. Sheria inataka wanaotarajia kuoana watoe taarifa siku 21 kabla ya ndoa. Tumieni jioni mojawapo ya siku hizo, ili bwana harusi apate muda wa kuyatafakari aliyoyasikia, na wa kulala.

Pili, watu wasizidi 15, na wakutane uani kwa mtu anayeheshimika, si baa. Mbuzi mmoja na sinia za pilau zinatosha. Kadi za michango zisichapishwe.

Tatu, waalikwe wasemaji wanne: mzee aliyekaa katika ndoa miaka mingi, kijana aliyepata mtoto wa kwanza karibuni, mjane aliyefiwa na mkewe, na mtu ambaye ndoa yake ilivunjika na yuko tayari kusema ukweli. Huyu wa mwisho msimwone mkosi. Aliyeanguka shimoni ndiye anayejua shimo liko wapi. Kila mmoja apewe dakika kumi, si kwa hotuba, bali kwa kusimulia jambo moja lililomfika.

Nne, bwana harusi aulizwe maswali na marafiki zake wa kweli. Je, mchumba wako anaujua mshahara wako? Anayajua madeni yako? Kama una mtoto mahali, amekwisha kuambiwa? Mmekwenda kupima pamoja? Mama yako na mkeo wakikosana, utasimama wapi? Asiyeweza kujibu mbele ya marafiki hataweza kujibu mbele ya mke.

Tano, kila mgeni alete zana moja: nyundo, msumeno, bisibisi, jembe, panga. Akina mama humjazia binti jiko. Sisi tumjazie kijana sanduku la zana, asije akaita fundi kwa kila msumari.

Sita, isomwe sheria. Msicheke. Nimeona walimu wenye vyeti ambao hawajawahi kujua Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasemaje. Kifungu cha 63 kinamtaka mume ampatie mkewe malazi, mavazi na chakula kadiri ya uwezo wake. Kifungu cha 66 kinasema wazi kwamba mtu hana haki ya kumpa mwenzi wake adhabu ya kipigo. Na mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Kijana akiyajua haya kabla ya kuoa, huenda asipelekwe kuyajulia mahakamani.

Najua nitajibiwa kwamba vijana wana haki ya kufurahi na kwamba mimi nataka kugeuza sherehe kuwa darasa. Kufurahi nakubali, tena kwa nguvu. Lakini nani alisema furaha haiko kwetu? Tunao utani. Mwalikeni mtani wa bwana harusi, Mzaramo kwa Mnyamwezi, au binamu yake mwenye ulimi mkali, asimame ataje uvivu wake, ubahili wake na barua za mapenzi alizokosea kuandika. Watu watacheka mpaka walie, na asubuhi hakuna atakayemficha mkewe alikokuwa. Pigeni ngoma, chezeni, imbeni. Sherehe ikimalizika saa nne usiku, kila mtu anafika kwake salama.

Wengine watasema mambo ya ndoa ni siri ya watu wawili. Hiyo ni hoja ya wavivu. Tunapochangisha fedha ndoa huwa ya ukoo, ya ofisi na ya mtaa mzima. Inapofika zamu ya kutoa ushauri, ghafla inakuwa siri ya watu wawili! Aliyeweza kuchangia kreti aweze pia kuchangia neno.

Lawama kubwa siwapi vijana. Naitoa kwetu sisi wazee, akina baba, wajomba na walimu, ambao hukaa meza ya mbele siku ya harusi tukisubiri kutambulishwa, ilhali kijana mwenyewe hatujaketi naye hata saa moja. Kijana hawezi kurithi maneno ambayo hatukuyasema.

Nawe mpambe, usidhani umechaguliwa kwa ajili ya suti. Hukupewa kazi ya kumlewesha rafiki yako. Umepewa kazi ya kumwelewesha. Mtafute yule mzee leo, mwombe dakika zake kumi, na umwambie aje na nyundo.